Mbwa Anayejikuna Mwaka Mzima: Kumtunza Bila Kuchosha Boma Zima

Katika maboma mengi ya Kanja mbwa halali ndani. Hulala juu ya gunia chini ya ghala, kando ya zizi au mlangoni pa jikoni. Kwa hivyo anapoanza kujikuna usiku, watu humsikia kabla ya kuona ngozi yake: mnyororo unagonga mabati, kucha zinakwaruza mbao, kimya kidogo, kisha tena. Usiku mmoja si neno. Majuma yakipita, yule anayeamka alfajiri kukama au kuwahi kuchuma chai huwa amekosa usingizi kiasi cha kumchukia mnyama ambaye amemlinda miaka yote.

Shida hii ni ya kawaida kuliko inavyosemwa. Mkulima humwita daktari wa mifugo kwa sababu ya ng'ombe aliyekataa kula, na mbwa hutajwa mwishoni, daktari akiwa tayari amewasha pikipiki: "Na huyu naye, daktari, ana upele tu." Neno hilo "tu" ndilo linalogharimu. Ugonjwa wa ngozi unaotokana na mzio, ambao wengi huuita aleji, ni wa kudumu. Hauondoki kwa sindano moja. Familia ambayo haijaelezwa hivyo hutumia pesa, hugombana, hukata tamaa, na mara nyingine huishia kumwacha mbwa sokoni usiku.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, ni jukumu la serikali za kaunti. Mkazi anayefika katika ofisi ya mifugo kuuliza kuhusu mbwa anayejikuna haombi hisani.

Si kila mwasho ni mzio

Jambo la kwanza ni kujua mbwa anajikuna wapi. Swali hili halina gharama, na jibu lake humwokolea daktari nusu ya kazi.

Mbwa anayejitafuna mgongoni karibu na mkia, na nyuma ya mapaja, mara nyingi anasumbuliwa na viroboto. Anayekuna kingo za masikio, viwiko na visigino vya miguu ya nyuma hadi ngozi inafanya magamba, huenda ana upele unaoletwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaochimba ndani ya ngozi. Ukimsugua ukingo wa sikio kwa vidole na mguu wa nyuma ukaanza kujikuna wenyewe hewani, hiyo ni dalili ya kumweleza daktari. Upele wa aina hii huwapata watu pia. Mtoto anayembeba mbwa huyo hutokwa na vipele vyekundu tumboni na mikononi, na vipele hivyo huisha mbwa akitibiwa. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya yanaweza kuwa choa, ambacho nacho huambukiza watu. Mbwa anayelamba nyayo pekee akaguliwe funza kati ya vidole kabla ya lolote lingine, kwa maana funza hawachagui mguu wa mtu au wa mbwa.

Haya yote yakishaondolewa, ndipo neno mzio linapofaa kutumiwa. Mzio ni mwili kupigana na kitu ambacho wanyama wengine hukivumilia bila shida. Kuna mbwa wanaodhurika na mate ya kiroboto, wengine na vumbi la nyumba, chavua ya nyasi na ukungu, na wengine na chakula. Mzio wa vumbi na chavua huanza mara nyingi mbwa akiwa kati ya miezi sita na miaka mitatu. Huonekana zaidi usoni, masikioni, kwapani, tumboni na kwenye nyayo. Mbwa hulamba nyayo hadi manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu.

Mbwa mmoja anaweza kuwa na zaidi ya mzio mmoja. Mfano wa ndoo husaidia kulielewa hili. Vumbi hujaza ndoo hadi nusu, viroboto wachache wanaongeza, unyevu wa mvua za Machi hadi Mei unaongeza ukungu kwenye ngozi, na ndoo inafurika. Mwenye mbwa huona kufurika peke yake, akalaumu kile kilichoingia mwisho. Habari njema ni kwamba si lazima ndoo imwagwe yote. Ikipunguzwa kidogo, hata kwa kuondoa viroboto pekee, mbwa wengi hulala.

Sindano iliyofanya kazi, halafu ikaacha

Familia nyingi hupitia hadithi moja. Mbwa anadungwa sindano. Baada ya siku mbili hajikuni, manyoya yanaanza kurudi, mtoaji huduma anasifiwa. Baada ya wiki chache mwasho unarudi. Anadungwa tena. Mara ya tatu au ya nne mwenye boma anasema anadanganywa, na anahamia kwa mwingine anayedunga sindano ileile kwa jina tofauti.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Sindano hiyo huwa ni ya steroidi, na steroidi hutuliza mwasho haraka kuliko karibu dawa nyingine yoyote. Lakini hutuliza, haiondoi chanzo. Ikirudiwarudiwa humfanya mbwa anywe maji kupita kiasi, akojoe mara nyingi, awe na njaa isiyoisha, na ngozi yake iwe nyembamba na rahisi kuambukizwa. Ina nafasi yake, hasa wiki ambayo mbwa amejitafuna hadi nyama. Inapotolewa kwa vidonge, daktari hupanga kipimo kishuke polepole, na si vyema kukatiza ghafla kwa sababu mbwa ameonekana mzima.

Kuna dawa mpya zaidi. Vidonge vya kuzuia mwasho visivyo vya steroidi viliidhinishwa Marekani mwaka wa 2013, na baadaye ikaja sindano inayolenga moja kwa moja ile ishara inayoamsha mwasho mwilini. Bei yake ni mzigo kwa boma la kawaida, na hata hizo hutolewa kwa muda mrefu. Hakuna iliyo ya mara moja.

Jambo hili linaeleweka haraka zaidi likilinganishwa na ugonjwa wa presha. Karibu kila ukoo una mtu anayekunywa dawa za presha. Hakuna anayesema hospitali imemdanganya kwa kuwa bado anakunywa mwaka wa tano. Familia imezoea: tarehe ya kliniki inajulikana, chumvi imepunguzwa, pesa ya nauli imetengwa. Mbwa mwenye mzio anahitaji mazoea ya namna hiyo, kwa kiasi kidogo zaidi.

Kazi kubwa iko kwenye gunia

Viroboto wanaoonekana juu ya mbwa ni sehemu ndogo ya viroboto wa boma. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na madaktari wa mifugo, wakubwa walio mwilini ni kama asilimia 5. Asilimia 95 ni mayai, viluwiluwi na vifukofuko vilivyo mavumbini, kwenye gunia la kulalia na kwenye nyufa za mbao za ghala. Kiroboto jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na mayai hayo hayashiki kwenye manyoya. Huanguka pale mbwa anapojikuna. Kifukofuko kinaweza kungoja miezi kadhaa kabla ya kutoa kiroboto.

Hii ndiyo sababu mbwa aliyeogeshwa Jumamosi huwa na viroboto Jumatano. Dawa ilifanya kazi. Gunia halikuguswa.

Mpango unaofaa ni wa angalau miezi mitatu mfululizo. Mbwa wote wa boma, na paka pia, wapewe dawa ya viroboto siku moja, kwa kuwa kutibu mmoja kati ya watatu ni kulisha viroboto kwa zamu. Gunia lichomwe na libadilishwe kila baada ya wiki moja au mbili, au lichemshwe na kuanikwa juani. Mahali pa kulala pafagiliwe hadi kwenye pembe, na taka ichomwe, isimwagwe kando. Kama mbwa hulala kwenye udongo mtupu, kumwinua juu ya kitanda cha mbao chenye miguu hurahisisha ufagiaji na kumwepusha na baridi ya Julai.

Onyo moja kwa wenye paka: baadhi ya dawa za viroboto za mbwa zina pamethrini, na pamethrini huua paka. Muulize muuzaji wa agroveti kabla ya kulipa, na usome karatasi ya ndani.

Kuosha nako kuna utaratibu wake. Shampuu ya dawa, kama ile yenye klorheksidini, hufanya kazi ikikaa mwilini dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Ikisuuzwa mara moja ni hasara. Mara moja au mbili kwa wiki hutosha wakati ngozi imechafuka. Kwa baridi ya Kanja, maji yawe vuguvugu na kazi ifanywe saa sita mchana, mbwa akaushwe kwa kitambaa, hasa kati ya vidole. Sabuni ya unga ya kufulia haifai. Hukausha ngozi ambayo tayari imechanika.

Mafuta ya gari na dawa ya ng'ombe

Mafuta machafu ya injini bado hupakwa mbwa wenye upele vijijini. Huchoma ngozi, na mbwa akijilamba, sumu huingia tumboni na kudhuru ini na figo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe ina hatari nyingine. Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, na ng'ombe hajilambi mwili mzima jioni. Mbwa aliyezidishiwa hutokwa na mate, hutetemeka, hulegea au kutapika. Aoshwe kwa maji mengi na apelekwe kwa daktari pamoja na chupa ya dawa yenyewe.

Ivermektini ya ng'ombe nayo hudungwa mbwa kwa kukadiria kwa macho. Ipo mbwa ambayo miili yao haiwezi kuizuia dawa hiyo isiingie ubongoni, hasa wa jamii ya koli na baadhi ya wanaotokana na mbwa wachungaji wa Kijerumani, ambao damu yao imechanganyika na ya mbwa wengi wa ulinzi. Anayetibu awe amesajiliwa. Sheria ya madaktari na wasaidizi wa mifugo ya mwaka wa 2011 inataka hivyo, na Bodi ya Mifugo ya Kenya ndiyo inayosajili. Kumwomba mtu aonyeshe usajili wake si kumkosea heshima.

Chakula

Mzio wa chakula haupimwi vizuri kwa damu. Hupimwa kwa sufuria. Kwa wiki nane mbwa hula nyama moja ambayo hajawahi kula na chakula kimoja cha wanga, pasipo kitu kingine: kwa mfano sungura na viazi vitamu vilivyochemshwa. Akitulia, anarudishiwa chakula cha zamani. Mwasho ukirudi, jibu limepatikana. Nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndivyo vinavyoongoza katika kesi zilizochunguzwa duniani. Jaribio hili huvunjwa na mtoto anayemrushia mbwa kipande cha chapati, kwa hivyo boma zima likubaliane kabla ya kuanza. Boma lisiloweza kununua sungura wiki nane lisijilaumu. Lianze na viroboto.

Mzigo wa anayeuguza

Mwaka wa 1980, mtafiti Steven Zarit na wenzake nchini Marekani walitengeneza maswali ya kupima mzigo wa watu wanaowatunza wazee waliopoteza kumbukumbu. Mwaka wa 2017, Mary Beth Spitznagel wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, na wenzake walitumia maswali ya namna hiyo kwa wenye mbwa na paka wagonjwa. Waliowatunza wanyama wenye maradhi ya muda mrefu walikuwa na mzigo mkubwa zaidi, msongo zaidi, na dalili zaidi za huzuni na wasiwasi kuliko waliokuwa na wanyama wazima.

Ohio si Kanja. Huko mbwa hulala kitandani. Hapa ni mlinzi, na kuna wanaoona aibu kusema kwamba mbwa amewachosha, kana kwamba ni anasa. Lakini mzigo upo, na katika boma humwangukia mtu mmoja: mama, au mtoto wa gredi ya sita anayeambiwa amwoshe mbwa akitoka shule. Huyo ndiye anayeshika ngozi inayonuka na kusikia lawama za majirani kwamba mbwa wao anasambaza upele. Mwenye kutoa pesa mara nyingi ni mwingine, na ugomvi huzaliwa hapo. Mmoja anaona gharama, mwingine anaona usiku.

Dalili kwamba anayetunza amechoka ni rahisi kuzitambua: anampita mbwa bila kumwangalia, anamfunga mnyororo mfupi zaidi ili asisikie, anampigia kelele kwa kujikuna, halafu anajuta. Kumpigia kelele hakumzuii. Mbwa hajikuni kwa ukaidi.

Kinachopunguza mzigo ni kuugawa na kuuandika. Daftari la shule linatosha. Kila jioni mtu mmoja anaandika namba kutoka sifuri hadi kumi, sifuri ikiwa hajajikuna na kumi ikiwa hakuacha. Kando yake anaandika kilichofanyika: ameoshwa, gunia limebadilishwa, mvua imenyesha, amekula mifupa ya sherehe. Baada ya mwezi daftari huonyesha jambo ambalo kichwa kilichochoka hakiwezi kukumbuka. Mara nyingi namba imeshuka kutoka nane hadi nne, na watu wa boma walikuwa wanasema hakuna mabadiliko. Daktari naye akipewa daftari hilo hahitaji kubahatisha.

Kazi igawanywe kwa majina. Anayeosha asiwe anayebadilisha gunia. Pesa ya dawa ya viroboto iwekwe kando kila mwezi kama ya chumvi ya ng'ombe, isingoje mbwa atoke damu. Na malengo yasemwe wazi: mbwa alale usiku, asiwe na vidonda, aweze kubweka mgeni akija. Mbwa mwenye mzio anaweza kubaki na namba mbili au tatu maisha yake yote na akawa mlinzi mzuri.

Pale familia inaposhindwa

Wapo watakaoshindwa. Mtu akiwa na mgonjwa hospitalini na karo haijalipwa, shampuu ya mbwa haitanunuliwa. Hilo lisemwe kwa afisa wa mifugo mapema, kabla mbwa hajawa mifupa. Kumtelekeza mnyama katika hali itakayomtesa ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumtegea sumu ni hatari zaidi, kwa kuwa sumu hiyo huokotwa na mbwa wa jirani, kuku na hata mtoto. Kama mateso hayatulizwi, daktari wa mifugo anaweza kumlaza mbwa bila maumivu, na familia iliyojaribu miezi mingi haina la kuonea haya kwa kuuliza.

Mbwa aliyeachwa sokoni hujiunga na kundi, hupigania mabaki, huumana na wengine. Hapo ndipo suala la ngozi linapogeuka suala la kichaa cha mbwa. Kenya ilizindua mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa mwaka wa 2014, lengo likiwa ni 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Mbwa asiye na mwenyewe hapelekwi kwenye chanjo.

Kujikuna peke yake si dalili ya kichaa. Lakini mbwa akibadilika tabia ghafla, akajitafuna mahali pamoja alipowahi kuumwa, akatokwa na mate, akashindwa kumeza au akaanza kushambulia bila sababu, asiguswe na afisa wa mifugo aitwe. Aliyeumwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo apate chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huua.

Mwenye mbwa mwenye ngozi mbaya asimfiche siku ya chanjo kwa kuogopa kuchekwa. Amlete, amshikilie kando ya foleni mbali na wengine kwa kuwa upele huambukiza, na amwambie mchanjaji kabla ya sindano ni dawa gani mbwa anatumia, hasa kama amedungwa steroidi majuzi. Ni vyema pia kulibeba lile daftari.